Nilidhani kobe amenuna, kumbe njaa!

MHARIRI alipoona mada yangu ya wiki hii alinitazama juu ya miwani kana kwamba nimemletea noti bandia. "Kobe? Wasomaji wako wamezoea mapenzi na mitindo ya nywele, leo unawaletea kobe?" Nikamwambia bosi, nipe ukurasa huu mmoja tu. Mambo ya mapenzi yapo, hayaendi popote.

Basi mpenzi msomaji, kaa vizuri nikupe mkasa. Na kama kuna mtoto hapo nyumbani anayelilia kufuga kobe, mwite naye asikilize.

Mkasa wenyewe ulianzia Tabata kwa dada yangu. Shemeji ni dereva wa lori, anakula masafa ya Dodoma na Singida. Siku moja akirudi, maeneo ya Kibaigwa, akamwona kobe mdogo anavuka lami. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwokoa asikanyagwe. Sawa, tumekusikia shemeji. Ila badala ya kumvusha ng'ambo ya pili aendelee na safari zake, akamtia kwenye boksi la maji ya kunywa, akamleta Dar es Salaam kama zawadi kwa bintiye wa miaka tisa. Mtoto alifurahi mpaka akakosa usingizi. Kobe akapewa jina la Chifu. Gamba lake la manjano iliyofifia, madoa meusi, limependeza kama kitenge kipya, na ukubwa wake haukuzidi kisosi cha chai.

Chifu akaanza maisha ya mjini. Makazi yake beseni la plastiki, sebuleni, juu ya marumaru. Chakula chake kile kile cha wenye nyumba: asubuhi mkate uliolowekwa kwenye chai ya maziwa, mchana wali au ugali kidogo, jioni ndizi mbivu au papai. Siku za sikukuu akaonjeshwa mpaka keki! Wageni wakija wanacheka, "Huyu kobe anakula kuliko sisi." Nami nilikuwa mmojawapo wa wachekaji.

Ukapita mwezi wa nane. Dada akanipigia simu: "Mdogo wangu, Chifu amenuna. Leo siku ya nne hataki chakula." Mimi ambaye kila wiki nawashauri watu walionuniwa na wapenzi wao nikaona hili dogo. Nikamwambia mpe ndizi, mbembeleze, atanyoosha tu.

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Jamani! Kumbe Chifu hakuwa amenuna hata kidogo. Alikuwa na njaa ya kufa. Mpwa wangu alimwekea kipande cha papai, kobe akakisogelea, akafungua mdomo, akauma hewa. Akajaribu tena, papai likateleza. Mara ya tatu akalisukuma kwa mguu wa mbele, akachoka, akarudisha kichwa ndani. Nikainama nimtazame vizuri. Mdomo wa juu ulikuwa umerefuka ukapinda kwenda chini kama wa kasuku, umeufunika kabisa ule wa chini. Kwa mdomo ule asingeweza kukata hata uzi.

KIKATA KUCHA

Sasa hapa naomba usinicheke sana. Kidato cha nne nilikimaliza, ila Baiolojia nilipata D, na D yenyewe ya kusuasua. Nikajisemea, mdomo wa kobe si kitu kigumu kama kucha? Na kucha si zinakatwa? Nikatoa kikata kucha kwenye mkoba, dada akamshika Chifu, nikabana ile ncha. Ka! Haikukatika sawasawa. Ilipasuka, ufa ukapanda juu, na damu ikatoka.

Mpwa wangu alipiga yowe ambalo majirani walitoka nje. "Mamdogo umemuua Chifu!"

Nimeandika mengi kwenye safu hii, lakini siku ile sikuwa na la kumwambia yule mtoto. Tukamfunga kobe kwenye kanga, tukapanda bajaji, hao kwa daktari wa mifugo.

Daktari alipofungua kanga aliguna. "Wateja wangu mimi ni ng'ombe wa maziwa, mbwa na kuku wa mayai. Hawa wanakuja mara chache, na wakija wanakuja wamechelewa." Akaosha mikono, akakandamiza kitambaa safi penye damu mpaka ikakata, akamgeuza Chifu huku na huku. Akaminya gamba kwa kidole gumba. Likabonyea kidogo. Hapo akaacha kutania.

Mzee huyu alisoma Sokoine pale Morogoro, na anajua kumweleza mtu aliyepata D. Kobe, alisema, hana meno kabisa. Hata kale kajino kanachoonekana puani mwa kobe aliyeanguliwa si jino, ni kijipembe cha kuvunjia yai, na kinadondoka chenyewe baadaye. Badala ya meno ana mdomo mgumu wa keratini, kitu kile kile kinachotengeneza kucha zetu, nywele na pembe za ng'ombe. Ndani yake, chini ya ile keratini, kuna nyama hai, mishipa ya damu na mfupa wa taya. Ndiyo maana nilipobana kwa kikata kucha nilipasua mahali penye uhai. Nikatamani marumaru zipasuke nizame.

Na mdomo huo haukomi kukua. Unaota maisha yote. Huko porini hauwi mrefu kwa sababu unalika: kobe anang'ata nyasi zenye nyuzi, anavuta majani kwenye shina, anachanua mimea yenye miiba, anagonga mdomo kwenye mawe na ardhi kila anapokula. Unaota huku, unasagika kule, hesabu inakwenda sawa. Mtoe hapo umpe mkate uliolowana kwenye chai! Utasagika na nini? Hata mimi ningekula uji miezi minane na kucha sikati, ungenikuta na makucha ya jini.

Lakini hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili ndiyo iliyomtisha daktari. Kobe mdogo anajenga mifupa na gamba kwa wakati mmoja, kwa hiyo anahitaji madini ya chokaa, yaani kalsiamu, kwa wingi. Na ili mwili wake uitumie hiyo kalsiamu anahitaji vitamini D, ambayo anaitengeneza kwa mwanga wa jua unaompiga moja kwa moja. Akikosa, mifupa inalainika, taya nazo zinapinda. Taya zikipinda midomo miwili haikutani tena inavyotakiwa, na mdomo usiokutana na mwenzake unaota unavyojisikia. Kumbe basi mdomo mrefu wakati mwingine ni dalili tu. Ugonjwa uko ndani.

Dada akaruka: "Lakini daktari, jua anapata! Beseni liko dirishani." Daktari akatikisa kichwa. Kioo cha dirisha kinapitisha joto na mwanga, ila ile miale inayotengeneza vitamini D kioo kinaizuia. Chifu alikuwa anaota jua la picha.

MDOMO WA BABU JONATHAN

Usidhani ni wadogo tu yanayowakuta. Nikuambie kisa kimoja ambacho kilishaandikwa sana. Kisiwani St Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, kuna kobe mkubwa wa asili ya Shelisheli aliyepewa jina la Jonathan. Alifikishwa pale mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima, na inakadiriwa alianguliwa mwaka 1832 hivi, ndiyo maana mwaka 2022 alisherehekewa kutimiza miaka 190. Miaka ya 2010 babu huyu alianza kukonda. Macho yalikuwa hayaoni, na mdomo wake nao ulikuwa umelainika na kuwa butu, hauwezi kukata majani. Daktari wa mifugo wa kisiwa, Joe Hollins, akaanza kumlisha kwa mkono mara moja kwa wiki, matunda na mboga za kumjenga mwili. Uzito ukarudi, na mdomo ule ukaota upya, mkali!

Unaona mambo hayo? Wa Tabata mdomo umezidi, wa St Helena mdomo umepungua, na wote tatizo ni sahani. Ila zingatia: matunda ya Jonathan yalikuwa ya kumwokoa mgonjwa aliyekonda. Usikimbilie kumnunulia wa kwako tikiti maji.

MEZA YA CHIFU

Daktari alituandikia mlo, na kwa kweli nilishangaa. Karibu kila kitu kilikuwa cha bure.

Kobe wa aina ya Chifu, hawa wa madoa kama chui, ni mla nyasi. Tumbo lake linachachusha nyuzinyuzi kwa msaada wa vijidudu, kama ng'ombe, tofauti ni kwamba kobe kazi hiyo anaifanyia mwishoni mwa utumbo. Robo tatu ya chakula chake, au zaidi, iwe nyasi: ukoka, nyasi changa za uwanjani, mahali ambapo hapajapuliziwa dawa. Juu yake ongeza majani mengine. Mchunga, ile mboga chungu ya porini ambayo bibi zetu wanaisifia, ni mzuri sana. Majani ya mforsadi. Majani na maua ya hibiskasi, yale mekundu ya kwenye ua wa nyumba. Mpungate, ukishaondoa miiba. Vyote hivi vina nyuzi, na vinamlazimu avute na kung'ata.

Mchicha? Hapa ndipo wengi tunapochemsha, maana ndio wa bei nafuu. Mchicha una asidi inayoitwa oksaliki, inayoishika kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Mara moja moja si neno, kila siku ni kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto ulichompa kwa wa kulia. Kabichi nayo kidogo kidogo. Kisamvu kibichi hapana kabisa, kina sumu ile ile inayotufanya sisi tukitwange na kukichemsha kwanza. Mkate, ugali, wali, maziwa, nyama, chakula cha mbwa: sahau. Matunda matamu yanavuruga vile vijidudu vya tumboni na kumwendesha, kwa hiyo ni kionjo cha nadra, si mlo.

Jinsi ya kuandaa nayo ina siri yake. Sisi tulikuwa tunamkatia Chifu kila kitu vipande vidogo kama kachumbari, tukidhani ni upendo. Kumbe tunaunyima mdomo kazi. Jani mpe zima, libanwe chini ya jiwe ili alivute na kulichana. Na sahani yake iwe jiwe bapa au kigae kilichogeuzwa upande wa kukwaruza, kila anapokula mdomo unajinoa wenyewe. Isipokuwa tu kama ndiyo kwanza ameanguliwa. Huyo mdomo wake ni mdogo mno, mtafutie majani laini machanga, na nyasi ngumu mkatie fupi fupi mpaka akomae.

Kuhusu chokaa, watu wa pwani tuna bahati. Kile kipande cheupe, chepesi, chenye umbo la mtumbwi, ambacho bahari inakitupa ufukweni, watoto wanakiokota wakachorea ubaoni, ni mfupa wa ngisi. Umejaa kalsiamu. Kioshe, kilowekwe kupunguza chumvi, kikauke, muwekee kobe aking'ate. Anapata chokaa na papo hapo ananoa mdomo! Au mnyunyizie juu ya majani, punje tu, chokaa ya kuku wa mayai inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Si ile ya kupaka ukuta jamani, hiyo inaunguza.

Mpwa wangu akauliza, porini nani anawapa chokaa? Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kobe hawa wameshaonekana wakitafuna mifupa mikavu, na hata kinyesi cha fisi, kile cheupe, kwa sababu fisi anakula mifupa. Mtoto akakunja uso. Chifu na keki yake ya sikukuu, kumbe kwao Kibaigwa anasaka choo cha fisi.

Maji pia. Kumlowesha kwenye maji ya vuguvugu, kina kisimfike puani, dakika kama 15 hivi, mara kadhaa kwa wiki. Akiwa mchanga sana, kila siku. Hapo anakunywa na kujisaidia. Halafu mikono iende kwenye sabuni, hasa ya watoto, kwa sababu kobe anaweza kuwa na bakteria wa salmonela na yeye mwenyewe haumwi. Marekani tangu mwaka 1975 walikataza kuuza vikobe vya kufuga vyenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu hiyo hiyo: watoto walikuwa wanavitia mdomoni.

TUPA, TARATIBU

Ule mdomo daktari hakuukata. Aliusugua kwa tupa ndogo laini, kidogo kidogo, msaidizi amemshika Chifu kichwa nyuma ya taya. Hakumaliza siku moja. Alituambia turudi baada ya wiki tatu, halafu tena, kwa sababu ukiupunguza wote kwa pupa unafika penye uhai, na mimi penye uhai nilishapajua. Wiki ile ya kwanza Chifu hakuweza kula mwenyewe, tukamlisha majani yaliyosagwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tonetone. Aliyefanya kazi hiyo ni mpwa wangu. Mimi nilikuwa hata siruhusiwi kumsogelea.

Tukawa tunampima kwa mizani ya Mangi, pale dukani, juu ya gazeti. Siku ya kwanza gramu 290. Mangi akauliza kilo shilingi ngapi, mtoto akalia, ikabidi Mangi ampe peremende. Baada ya wiki sita Chifu alisoma 345, na siku hiyo aling'oa jani la hibiskasi kwa mdomo wake mwenyewe, likatoa mlio wa kuchanika. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule.

Sasa nisingependa kuishia hapo maana ingekuwa nakudanganya. Siku ile ya kwanza, kabla hatujaondoka, daktari alimuuliza dada swali moja: "Kibali mnacho?" Kimya. Akasema yeye ni daktari si askari, atamtibu kwanza, lakini tujue: mnyamapori ni mali ya Serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumwokota porini akamfuga bila kibali. Uwe ulimwokoa, uwe ulimnunua barabarani, ni kosa.

Nilikuwa nadhani haya ni makali ya bure kwa mnyama mmoja asiye na mbio. Halafu nikakumbuka kisiwa cha Changuu, kule Unguja. Kobe wakubwa wa pale walitoka Shelisheli, wanne, zawadi ya mwaka 1919. Wakazaana, mwaka 1955 walikuwa kama 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kitoweo, wengine kuwauza ng'ambo wakafugwe. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 wakawa 50, na mwaka 1996 saba. Saba! Mwaka huo huo wakaletwa vikobe vichanga 80 kuongeza idadi, 40 vikapotea. Ni baada ya Serikali ya Zanzibar kujenga ua madhubuti, kwa msaada wa chama cha kimataifa cha kulinda wanyama, ndipo walipoanza kuongezeka tena. Wale 40 waliotoweka walikuwa na saizi ya kuingia mfukoni. Yaani saizi ya Chifu alipokuja kwenye boksi. Kila aliyechukua naye huenda alikuwa na binti nyumbani.

Shemeji alitaka tukamwachie tu kwenye pori lolote, Kisarawe huko, mambo yaishe. Daktari akakataa. Kobe aliyekaa na watu anaweza kuwa amebeba magonjwa ya kuwapa wenzake, na Kisarawe si kwao. Apelekwe kwa wahusika, wampime, wao ndio waamue.

Nakiri tulizungushana. Wiki moja ikawa mbili, kila mtu anasubiri mwenzake amwambie mtoto. Mwishowe nikasema nitamwambia mimi, kwani deni la kikata kucha lilikuwa langu. Hakulia nilivyotegemea. Aliuliza tu kama huko wana ukoka.

Jumatatu asubuhi tukaenda wote ofisi ya wanyamapori, shemeji naye kaja, kimya kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Afisa alituandikisha, akamkemea shemeji kwa heshima, akamshukuru kwa kumleta mwenyewe. Kisha mpwa wangu akafungua begi lake la shule. Akatoa fungu la mchunga, kipande cha mfupa wa ngisi, na karatasi aliyoichana kwenye daftari la hesabu, akamkabidhi afisa kwa mikono miwili. Nilichungulia. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Anaitwa Chifu. Majani msimkatie. Mkate hapana. Mamdogo wangu asipewe kumshika."